Transiva ya Wodi ya Wazazi

Skrini za wodi ya wazazi zilipoanza kuzimika na kuwaka, fundi mtandao wa hospitali alishuka mbio chumba cha mitambo. Mke wa kaka yake alikuwa amelazwa humo kwa uchungu, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakifuatiliwa kwenye skrini hizo hizo.

"Wifi yangu anaendeleaje?" alimuuliza muuguzi kwenye simu.

"Wifi ndiyo hiyo inasumbua, dada, si ndiyo maana nimekupigia!"

"Mke wa kaka yangu, jamani!"

"Aaa! Huyo yuko sawa. Anagombana na mumewe."

Fundi alicheka kwa mdomo tu. Ndani ya swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, transiva, vile vidude vya chuma vinavyopokea mwanga wa fiba, zilikuwa zimepangana kama meno. Iliyochoka, ya wodi ya wazazi, ilibanana na ya chumba cha upasuaji, na lebo zilikuwa zimefutika. Akikosea, madaktari wangepotewa na picha mgonjwa akiwa mezani. Aliufuata waya kwa vidole mpaka ukutani, akarudi, akaufuata tena.

"Dada, nikichomoa, skrini zote zitazima. Chukua kile kifaa cha mkononi cha kusikiliza mapigo, simama kwa wifi, usibanduke."

"Nimeshasimama. Chomoa."

Alitoa fiba, akavuta kishikio cha transiva. Kikakatika. Akaisukuma ndani kidogo ilegee, akaibana kwa koleo, akaivuta polepole mpaka ikatoka. Akachomeka mpya, ikalia ta! Akarudisha fiba.

Taa haikuwaka.

"Huku bado giza," alisema muuguzi. Kisha sauti ikambadilika. "Ngoja... mapigo yanashuka. Daktari! Daktari!"

Simu ikabaki na vishindo vya miguu na magurudumu ya kitanda.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka wajawazito wengine waliobaki na skrini zilizozima. Akarudi. Alifuta ncha za fiba, akachomeka, wapi! Akainama, akatazama vizuri: nyuzi mbili alikuwa amezipishanisha, ya kutuma imekaa pa kupokea. Akazibadilisha. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia.

Ndipo akapanda ngazi.

Kaka yake alikuwa amechuchumaa nje ya chumba cha upasuaji. Akakaa chini kando yake. Kila mlango ulipotikisika, walishtuka pamoja.

Hatimaye muuguzi alitoka. "Wa kike, yuko salama. Kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni. Usingeniambia nisibanduke, ningekuwa nazunguka kwa wengine, ningechelewa."

Kaka aliangua kilio kama mtoto.

"Na wifi?" fundi aliuliza.

"Mzima. Anasema umnyamazishe kaka yako, kelele zake zinamfikia mpaka kitandani."