Karatasi Yenye Kona Nene

Karatasi ya tatu nayo ilichanika mikononi mwake kabla hajaifikisha kwenye blanketi la kukaushia. Mtengeneza karatasi akairudisha kwenye beseni la rojo la mashuka yaliyotwangwa, akasonya.

"Leo nimerogwa au?"

"Labda maji, wifi," alijibu dada wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mashoto kwa kuwa hata chai aliikoroga kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amechuchumaa penye ndoo, akisuuza nyavu zilizokwisha takata.

Maji! Miaka tisa wanachota bomba lilelile, maji yaje yageuke leo? Leo ambapo karani wa chuo cha wauguzi anakuja kuona kazi, aamue kama vyeti vya wahitimu vitapigwa chapa juu ya karatasi yake, mwaka huu na miaka yote ijayo? Akikosa kazi hii, banda linafungwa. Mwenye banda alishamwahidi fundi pikipiki.

Alichovya mkono ndani ya rojo, akachomoa uzi mmoja, akaukausha kwenye sketi, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukawa jivu la kupeperuka. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu.

"Nailoni! Wifi, mashuka haya uliyachambua wewe?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Uliunguza uzi wa kila shuka?"

"Niliunguza. Labda moja limenipita, macho nayo yanazeeka."

Akaamini. Ndivyo tulivyo, mgeni tunampekua hadi mifuko, wa ndani tunampa ufunguo. Kuchambua na kutwanga ilikuwa kazi ya Mashoto, kuchota karatasi ilikuwa yake, na hakuna siku aliyomkagua mwenzake.

Karani alifika jua likiwa utosini, msichana mpole mwenye bahasha kwapani. Mtengeneza karatasi hakumzungusha.

"Mwanangu, rojo limeingia nailoni. Nipe siku nne nianze upya."

Karani alishusha pumzi. "Mama, sitaki kukuficha. Kuna mwingine anaitaka kazi hii. Ameacha sampuli getini, anasema atajitambulisha akikubaliwa. Mkuu wangu kaipenda, lakini sisi tunajua nini kuhusu karatasi? Wewe ndiye fundi. Hebu nitazamie."

Akaipokea, akaisogeza dirishani ili mwanga upenye. Karatasi ilikuwa nyeupe, laini, na ndani yake zilionekana nyuzi za buluu, moja hapa, moja pale. Alizijua. Ilikuwa alama ya wodi kwenye yale mashuka aliyokwenda kuyaomba mwenyewe hospitali, akayabeba kichwani, akamkabidhi Mashoto ayachambue. Akapandisha macho. Kona ya juu, upande wa kulia, rojo lilikuwa limerundikana, kona imenenepa. Mtu wa mkono wa kulia hatikisi fremu ya wavu namna ile hata umlipe. Mara ngapi Mashoto akijaribu kuchota amemwambia, "Shusha mkono, wifi, kona inanenepa," wakacheka mpaka wakashika mbavu!

Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye nguo ndiyo kazi yake, na bado hakumwona. Akaegemea dirisha.

Nyuma yake, maji ya ndoo yalinyamaza.

"Vipi, mama? Inafaa?"

Neno moja la uongo lingetosha. Aseme wino utasambaa, aseme itameguka kabla ya mwaka, nani angembishia?

"Inafaa," alisema. "Pamba tupu hii. Itadumu kuliko sisi."

"Na aliyeitengeneza? Ni mtu wa kuaminika?"

Akageuka. Mashoto alikuwa amesimama, wavu mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Huyu ndiye aliyelala naye chumba kimoja msiba mzima, wakilia kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea.

"Karatasi naijua, mwanangu. Mtu mwenyewe simjui."

Karani alishukuru, akarudisha karatasi kwenye bahasha, akaenda zake.

"Miaka tisa, wifi," Mashoto alisema hatimaye. "Kila mgeni akiingia hapa unamwambia, 'Huyu ananisaidia.' Nilitaka na mimi nionekane, hata mara moja."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua.

"Mashuka ungechukua," alisema mtengeneza karatasi. "Hata kazi ungechukua, tungegombana, tungepatana. Lakini nailoni, wifi? Nailoni ulinitilia ya nini?"

Mashoto aliuweka wavu chini.

Lilibaki rojo bovu la kumwaga. Beseni lile lilikuwa na vishikio viwili, na likijaa halibebwi na mtu mmoja. Mtengeneza karatasi alishika kishikio cha kwake. Mashoto, kwa mazoea tu, akainama akashika cha pili. "Haya. Moja, mbili..."

Mtengeneza karatasi hakuinua. Alibaki ameinama vilevile, macho kwenye rojo, akisubiri. Ilichukua muda, kisha vidole vya Mashoto vikaachia, kimoja kimoja.

Ndipo mtengeneza karatasi akanyoosha mgongo, akachukua kopo rafuni, akaanza kuchota. Kopo la kwanza alilitoa nje hadi mfereji wa uani, akamwaga, akarudi kuchota la pili.