Kuzima Kabla ya Kufika

Dishon alinipigia simu saa nne asubuhi. Yeye ndiye hufunga vifaa vyetu vya dharura kwenye boti za wavuvi wa ufuo wa Dunga. Kifaa kikiwa kimewashwa, boti huonekana kwenye simu zetu na za wavuvi wote kama kitone cha kijani, na mvuvi akibonyeza kitufe chekundu, simu zote hulia.

"Boti ya kwanza tayari," alisema. "Programu yako imeandika 'Sawa', na Griffins mwenye boti ameshaingia ziwani."

"Umetumia kompyuta gani?"

"Yangu ya Windows. Si ulisema inakubali kote?"

Nilisema hivyo, kweli. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, chumbani kwangu Kondele, mjini. Kijiprogramu changu kiliweka bootloader mpya, yaani ile programu ndogo inayokiamsha kifaa kila kinapowashwa. Kwenye Linux nilikijaribu mara arobaini. Kwenye Windows nilikijaribu mara moja tu, kwa faili fupi la mfano.

Nilifungua msimbo nikausoma mstari kwa mstari. Nilipofika wa thelathini na mbili, nililiona kosa. Nilikuwa nimefungua faili kana kwamba ni maandishi. Linux haijali. Lakini Windows, ikikutana na alama fulani katikati, hudhani faili limekwisha, ikaacha kusoma. Kijiprogramu kilikuwa kimeandika nusu, kikailinganisha na nusu ileile, kikasema sawa.

Kifaa cha Griffins kilifanya kazi kwa sababu tu kilikuwa bado macho.

"Mpigie asikizime!" nilimwambia Dishon. "Akikizima hakitaamka tena."

Dishon alicheka kidogo. "Rehma, wewe ni mtu wa Kondele. Hakuna mvuvi anafika kwa samaki wake kifaa kikiwaka. Ufuo mzima utamfuata."

Nilitazama skrini. Kitone kilikuwa katikati ya ghuba. Kisha hakikuwepo.

Simu ya Griffins haikupatikana. Nilipanda boda hadi Dunga, na njia nzima niliona wingu jeusi likishuka juu ya ziwa.

Mama Seline, mamake Griffins, alikuwa akipara samaki aina ya ngege. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Kisu chake kilisimama.

"Akishazima huelekea wapi, Mama?" niliuliza.

Alimtazama Byron, mvuvi mwenye boti ya injini iliyokuwa karibu, ambaye alikuwa ameshasogea kusikiliza.

"Nikisema anapovua, kesho nyavu zako zitakuwa hapo," alimwambia.

"Mama, leo natafuta mtu, si samaki."

"Hata mwaka jana ulimwambia mwenzako hivyo, kisha ukamvamia mahali pake."

Upepo ulipindua karai lake, ngege wakamwagika mchangani. Hakuwaokota. Alimshika Byron mkono akamwelekeza polepole kwa Dholuo, na mimi nikageuka nisisikie.

Byron aliwasha injini akaondoka, nasi tukangoja. Mvua ilipiga mabati ya kibanda tulimojikinga, tusisikie hata sauti zetu. Dishon, aliyekuwa ameungana nasi, aliendelea kushika simu yake, ingawa tulijua haingelia. Mimi nilihesabu mawimbi nikapotea, nikaanza tena.

Karibu saa kumi boti mbili zilitokea, moja ikivutwa kwa kamba. Griffins aliruka majini huku akitetemeka, kifaa mkononi. Magugu maji yalikuwa yamejisokota kwenye propela ya boti yake, na maji yalikuwa yamefika kwenye kiti.

"Dishon! Takataka gani hii? Nimewasha, nimebonyeza mpaka kidole kimevimba!"

Dishon alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Kosa ni langu, Griffins. Si lake."

Byron, akifungua kamba, alicheka peke yake: "Kumbe ni pale."

Mama Seline alimfunika mwanawe leso. Kisha akanigeukia, bila hasira, jambo lililonitisha zaidi.

"Na siku ingine akizima, nyathina, mwanangu?"

"Nipe kompyuta yako," nilimwambia Dishon, nikaketi palepale kwenye mchanga uliolowa. "Na kile kifaa. Hakuna boti nyingine itafungwa kifaa mpaka nikirekebishe hiki, nikizime na kukiwasha hapa mbele ya Mama."