Zote Zimekaguliwa Kasoro

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Mhuri alifunga aproni yake ya bluu, akafuta mizani kwa kitambaa, akapanga mbele yake chipu kumi za poka, vile vidude vya mviringo ambavyo wacheza karata huvisukuma mezani badala ya pesa. Kwa miaka ishirini na miwili hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kiwandani. Alikuwa akichukua chipu moja katika kila kumi, akiipima uzito, akiipima unene, akiidondosha sakafuni kutoka usawa wa kiuno, akitega sikio. Ikilia vizuri, sanduku zima lilipigwa mhuri: IMEKAGULIWA, MKAGUZI NA. 7. Mkaguzi namba saba alikuwa yeye. Wa kwanza hadi wa sita hawakuwahi kuwepo. Kiwanda kilianzia saba ili kionekane kikubwa.

Ila tangu mwezi wa pili mizani ilikuwa pambo tu. Meneja aliagiza masanduku yapigwe mhuri yakiwa bado matupu, ili kuokoa muda. Mama Mhuri alibisha, akaambiwa asilete mambo yake, akapiga. Chipu zikawa zinaingia kwenye masanduku ambayo yalishazikagua kabla hazijazaliwa. Wiki ya pili yake zikaanza kukohoa.

Hazikukohoa ovyo. Zilikohoa mtu aliye karibu anaposema uongo, kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu aliyechoka kusubiri foleni. Mchezaji mwenye karata mbovu akizisukuma mbele kwa mbwembwe, zilikohoa, na meza nzima ikajua. Barua za malalamiko zikamiminika.

Karani wa malalamiko, mwanamume mpole mwenye tai moja tu maishani, alizijibu zote kwa barua ileile, akiisoma kwa sauti huku anachapa. Pembeni yake aliweka kisahani cha chipu za mfano. Aliposoma "Tunathamini sana maoni yako," zikakohoa. Akafuta. "Uongozi umeisoma barua yako kwa makini." Zikakohoa. Akafuta. Hadi mchana alibaki na tarehe na "Ndugu Mteja."

"Na hiyo 'Ndugu' nayo ilikoholewa mara moja," alimwambia Mama Mhuri. "Nimeiacha tu kwa heshima."

Alizituma hivyohivyo. Mteja mmoja aliandika kushukuru kwamba safari hii amejibiwa bila porojo.

Kilichomuuma Mama Mhuri si kikohozi. Ni kwamba barua zote zilimtaja yeye. Huyo Mkaguzi Na. 7 ana macho kweli? Huyo Na. 7 analipwa kwa kulala? Barua arobaini na moja zilitaka afukuzwe. Alizisoma zote akiwa amesimama, na aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi ambacho hakukiiba.

Mdogo wake, fundi cherehani, humpigia simu kila siku wakati wa chakula cha mchana.

"Kazi inaendaje, dada?"

"Nzuri tu."

Chipu aliyoisahau mfukoni mwa aproni ikakohoa.

"Pole na kikohozi."

"Ni vumbi la huku," alisema Mama Mhuri, na ikakohoa tena.

Alhamisi meneja alimwita ofisini. Mezani palikuwa na sanduku, na juu ya sanduku chipu ishirini.

"Mama, wewe ni nguzo ya kampuni hii," alisema meneja. Zikakohoa. Akazifunika kwa gazeti. "Wateja wanataka nikufukuze." Chini ya gazeti kimya. "Na Jumatatu nitakufukuza." Kimya vilevile, na Mama Mhuri akajua mambo yameiva.

"Hakuna njia nyingine, bosi?"

"Ipo. Tupate maneno ya kuandika kwenye kifuniko ambayo hazitayakoholea. Mteja akiona kifuniko kimetulia, anatulia na yeye. Nimehangaika tangu asubuhi. Sikiliza: 'Ubora wa hali ya juu.'" Gazeti likatikisika. "'Zimetengenezwa kwa upendo.'" Hapo zilikohoa mpaka moja ikadondoka mezani, ikabingirika hadi mlangoni.

"Turudishe ukaguzi," alisema Mama Mhuri. "Hata moja kwa mia."

"Ningependa sana," alisema meneja. Zikakohoa zote kwa pamoja, na wote wawili wakangoja zimalize.

Mama Mhuri akapandwa na hasira. Alichukua kalamu ya meneja bila kuomba, akaandika kwa herufi kubwa nyuma ya barua mojawapo, kisha akasoma kwa sauti: "Zote zimekaguliwa kasoro hizi."

Kimya. Ilikuwa kweli tupu. Miaka yote alizikagua, isipokuwa hizi. Alimtazama meneja akitegemea kuona haya usoni mwake.

Meneja aliyasoma maneno yale mara tatu, midomo ikicheza. Kisha akatabasamu, akamwita mpiga chapa.

Vifuniko vilikuwa tayari kufikia Jumatatu. Juu, kwa dhahabu, viliandikwa ZOTE ZIMEKAGULIWA KASORO, na chini yake MKAGUZI NA. 7. Nafasi iliishia hapo. Neno "hizi" lilihamishiwa kwenye kitako cha sanduku, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Aliyetaka kulisoma ilibidi apindue sanduku, na chipu zingemwagika zote. Hakuna aliyepindua.

Wachezaji nao walizoea. Walinunua peremende za kifua, wakawa wanakohoa wenyewe mchezo mzima ili isijulikane nani ni nani. Malalamiko yakaisha, pongezi zikaanza.

"Sikiliza hii," alisema karani. "'Nimeona kifuniko. Hongera Mkaguzi Na. 7, kumbe kasoro zote unazikagua.'"

Kisahani kilitulia. Mteja yule aliamini kabisa alichokiandika.

Saa saba mchana simu ililia.

"Nimesikia kuna barua za kutaka ufukuzwe. Wamekufukuza?" aliuliza mdogo wake.

"Hawajanifukuza. Wananisifu." Mfukoni kimya.

"Afadhali! Kwa hiyo umefurahi, dada yangu."

"Nimefurahi."

Chipu ikakohoa, ikarudia, ikarudia tena.

"Dada, hicho kikohozi si vumbi. Nenda kapime."

"Nitaenda kupima," alisema Mama Mhuri, na ilimbidi auzibe mfuko kwa kiganja ili waagane. Kisha akasukuma mizani pembeni, akavuta sanduku tupu lililofuata, akapiga mhuri.