Alitikisa Mabawa

Mama Pacha aliisoma karatasi mara moja tu, akaisukuma katikati ya meza kama sahani iliyoingia nzi.

"Maneno haya siyataki."

Walikuwa wanne katika chumba cha mikutano cha manispaa: yeye, katibu, mchongaji mwenye udongo hadi viwikoni, na Kapteni mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya sanamu. Sanamu yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, rubani wa ndege ya kivita. Jiwe la chini yake lingeandikwa: *Alianguka akiitetea nchi.*

"Shemeji, kuna ubaya gani hapo?" Kapteni aliuliza, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Papai bivu ndilo huanguka. Mume wangu alitunguliwa. Tena na nyinyi."

Katibu alikohoa, akaangalia dari.

Kwa miaka ishirini na miwili ripoti ya jeshi ilisema rubani alirudi kutoka vitani bila kutoa ishara, ndiyo maana mizinga ya kwao ikamdhania adui. Uzembe wake mwenyewe, basi. Pacha wake walikua wakiitwa shuleni "watoto wa Kisahau". Mama Pacha, ambaye ni muuguzi, alivumilia, mpaka mwaka jana alipokuwa akimfunga kidonda mpiga mzinga mmoja mzee, naye akamwaga yote. Ndege inayorudi ilitakiwa kutikisa mabawa mara tatu. Asubuhi ile ishara ilibadilishwa. Karatasi ya ishara mpya alipewa Kapteni, mkuu wa mizinga, awapelekee marubani kabla hawajapaa. Aliisahau mfukoni, marubani wakapaa wakijua ishara ya zamani tu.

"Yaliyopita si ndwele," Kapteni alisema.

"Si ndwele kwako. Mimi nimeiuguza ndani ya nyumba yangu."

"Watu watalicheka jeshi, shemeji."

"Sisi tumechekwa na bado tunakula ugali. Na hilo neno shemeji liache. Shemeji hamsingizii maiti."

Picha pekee ya rubani ilikuwa mbele ya mchongaji, kando ya kichwa cha udongo alichokianza, chenye masikio lakini bila uso. Mama Pacha aliichukua, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Mama, bila hiyo sina uso," mchongaji alilalamika.

"Chonga kofia."

Akasimama. Kapteni naye akasimama, akaziba njia, kisha akaona haya na kusogea.

"Ulikuwa na darubini siku ile," Mama Pacha alimwambia, pua kwa pua. "Alitikisa au hakutikisa?"

Kapteni alitazama viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Alitikisa."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Tatu kamili. Niliona baada ya kuamuru wapige. Nisamehe."

"Sikuja hapa kugawa msamaha. Katibu, mpe kalamu. Aandike kwa mkono wake."

Kapteni aliandika, akafuta, akaandika tena. Mama Pacha aliisoma kwa sauti: *Alitoa ishara. Tulimtungua sisi.*

"Chini weka jina lako na cheo chako. Hiyo inakwenda kwenye ripoti. Maneno yanakwenda kwenye jiwe."

Alisubiri mpaka wino ukakauka. Ndipo akafungua mkoba na kumrudishia mchongaji picha.

"Na masikio umeyafanya makubwa mno," alisema. "Yapunguze."