Ekari Mbili za Mitole

Amri iliposhuka Mitole kwamba kila nyumba ilime ekari mbili za mihogo, hakuna mtu pale aliyewahi kuiona hiyo ekari kwa macho. Watu wa Mitole walipima shamba kwa ngwe, kile kipande ambacho mtu anakilima tangu asubuhi mpaka jua liwe kali, kisha anakwenda zake kivulini. Ngwe ya kijana ni yake, ya mzee ni yake, na hakuna aliyegombana na mwenziwe kwa hilo. Lakini ilikuwa miaka ya vita vya Hitla, Waingereza wanaogopa njaa, na Mwingereza akiogopa njaa anayeshika jembe ni wewe.

Jumbe Yunusu, mkuu wa kijiji, aliitwa Kilwa Kivinje akafundishwe. Akaonyeshwa uwanjani kwamba ekari moja ni hatua sabini upana na hatua sabini urefu. Mtu wa haki yule, simsemi kwa ubaya. Aliporudi akakusanya watu, akawaambia: ekari moja ni sabini kwa sabini, basi ekari mbili ni mia na arobaini kwa mia na arobaini. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, ndivyo. Nani angebisha? Sabini mara mbili hata mtoto wa chuoni anaijua. Akapita shamba kwa shamba, anahesabu hatua, anachomeka vijiti kwenye pembe nne, na watu wanamshukuru kwa taabu yake. Lahaula!

Basi na Mwahija naye akachomekewa vijiti vyake. Mumewe, Huseni, mwaka uliotangulia alikutwa na pamba iliyomezwa na majani, akafungwa, akavunjishwa mawe ya barabara. Alitoka huko na kikohozi cha damu na mbavu unazoweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Na safari hii jumbe alikwisha sema barazani, kama alivyoagizwa, kwamba atakayepungukiwa na ekari mbili ataingia gerezani. Mwahija hakuhitaji kufafanuliwa. Huseni akirudi kule mara ya pili, harudi tena Mitole.

Akalima. Alitoka kabla jua halijachomoza, akarudi kumpa mgonjwa uji, akatoka tena. Alikata miti, akang'oa visiki, akapanda vipando vya mihogo mstari kwa mstari mpaka viganja vikachubuka, akavifunga matambara akaendelea. Binti yao pekee alikuwa ameolewa Njinjo, ana mimba kubwa, na huko nako kuna vijiti vyao. Jirani yake Mboni alimwahidi kumsaidia akimaliza kwake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mwaka ule wahenga hawakuwapo Mitole. Mzigo wa Mboni ulikuwa mawe, wa Mwahija mawe, wa kila nyumba mawe, na hapakuwa na mkono wa kuazima kijiji kizima.

Siku moja uzalendo ulimshinda, akaenda kwa jumbe. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwambia kwa adabu zote kwamba shamba lile haliishi, huenda hatua zilikosewa, kuuliza si ujinga. Jumbe hakukasirika. Alisema hata yeye mgongo wake umekatika, na amri ni amri, lakini haki yake ni kupimiwa upya. Akainuka, akaenda naye, akaanza pembe hii mpaka ile, midomo inahesabu. Alipomaliza akasimama kwa huzuni. Kweli alikosea mara ya kwanza, akasema, alikuwa amepunguza hatua tatu. Akaking'oa kijiti, akakisogeza mbele.

Mwahija alikaa chini palepale kwenye udongo, akalia kwa sauti. Jumbe akamwombea dua, kisha akaenda zake.

Halafu habari ikaja. Bwana shamba, mmoja Evaristo, ambaye kazi yake ni kukagua mashamba, amekwisha fika Njinjo, na baada ya Ijumaa atakuwa Mitole. Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho, chenye mizizi migumu, na Mwahija hakuwa na nguvu hata ya kuinua kata. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alifikiria kumchukua Huseni wakimbilie porini, lakini Huseni angekimbia kwa miguu gani? Alifikiria kwenda kumpigia magoti bwana shamba huko huko njiani. Usiku ule hakulala, na Huseni alimsikia yu macho.

Asubuhi alikwenda kisimani, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Akatupa mtungi, akakimbia. Akamkuta Huseni katika kile kipande, ameshika jembe, analima, anasimama kuhema, analima tena.

"Bwana, nipe jembe," Mwahija akasema.

"Hiki kidogo tu, Mwahija. Ningekuwa mzima ningekimaliza kabla ya uji."

Angeweza kumnyang'anya. Mtu mwenyewe alikuwa mwepesi, ungemwinua kwa mkono mmoja. Hakumnyang'anya, na tuseme kweli, alimwacha kwa sababu aliuhitaji ule mkono wa pili. Wakalima pamoja, yeye akilia na kumtazama, akimtazama na kulima, na Alhamisi alasiri kipando cha mwisho kikaingia ardhini. Huseni akasema alhamdulillahi. Usiku damu ikamtoka kifuani haikukatika, na adhana ya alfajiri ilimkuta ameshafariki. Alizikwa Ijumaa baada ya sala, na Mwahija akaingia eda, akakaa ndani nyuma ya pazia kama mjane anavyotakiwa.

Bwana shamba Evaristo alikuja kesho yake na mnyororo wake wa kupimia. Matangani walikaa wanawake na Mboni. Jua lilikuwa limepanda sana waliposikia hodi ya jumbe mlangoni. Hakuingia, alisema kutoka nje.

"Mwahija, mwanangu. Shamba limepita. Limezidi. Ni ekari nne."

Jumbe akaeleza kama alivyoelezwa, maskini, kwamba ekari mbili ni ekari moja kando ya mwenziwe: urefu ndio unaongezeka, upana unabaki sabini ile ile. Yeye aliongeza huku na huku. Kijiji kizima kimelima maradufu, na kosa ni lake, hana pa kulipeleka.

Mboni akamshika Mwahija mkono, naye akautoa taratibu.

"Zile mbili," akauliza, "zinaishia wapi?"

"Kwenye kisiki cha mninga, mwanangu."

"Pale nilipita zamani, jumbe," Mwahija akasema. "Nilipita pale Huseni bado anakwenda msikitini kwa miguu yake."

Jumbe Yunusu akamwomba radhi, akarudia, akarudia tena. Mwahija alimwambia aende, bwana shamba anamngoja.