Msomaji wa Sura ya Nne

Walimwita Binti Pole kwa sababu siku moja alijigonga kwenye kiti, akakiomba radhi. Chumba cha wanafunzi wa uzamivu kilikuwa na meza mbili na dirisha lililokataa kufunguka. Meza ya pili ilikuwa ya Mzee wa Mchwa, ambaye hakuwa mzee hata kidogo. Alichunguza mchwa, na mwenyewe alikiri kwamba mchwa wanamaliza nyumba za watu upesi kuliko yeye anavyomaliza kuandika. Binti Pole alikuwa anaandika juu ya wanawake wanaouguza waume zao nyumbani. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata usingizi ulimchosha.

Asubuhi hiyo alipigiwa simu na fundi cherehani mmoja, mama aliyemhoji mwaka uliopita.

"Mwanangu, naomba maneno yangu uyatoe."

"Maneno gani, Mama?"

"Unayajua."

Aliyajua. Mume wa fundi, mwalimu mstaafu, alipatwa na kiharusi akalala kitandani bila kusema neno. Siku ya mahojiano, huku akipinda pindo la suruali ya mteja, fundi alieleza kwamba kila asubuhi husimama kwanza mlangoni, akasikiliza. Na akimsikia mumewe bado anapumua, huishiwa nguvu. Sura ya nne nzima ilisimama juu ya maneno hayo.

"Jina lako nimelibadilisha, Mama."

"Yeye atanijua hata uniite nani. Amepata nafuu. Anaongea, anasoma gazeti. Kila anayeingia hapa anaambiwa kuna binti wa chuo anatuandika kitabu. Anakingoja kama mtoto anavyomngoja mgeni mwenye begi."

Siku ya kwanza Binti Pole alimwahidi fundi kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, bila kuulizwa sababu. Aliwaahidi hivyo washiriki wote, tena harakaharaka, kama mtu anayekaribisha chakula huku akiomba mgeni asikae.

"Tasnifu haisomwi na mtu, dada," alisema Mzee wa Mchwa aliposikia habari. "Yangu, mama yangu mzazi ataangalia ukurasa wa shukrani tu, aone kama nimemtaja. Wewe umempata wapi msomaji?"

"Amejileta."

"Basi una mkosi."

Profesa, msimamizi wake, alipoelezwa alivua miwani akajisugua macho. Mezani pake kazi za wanafunzi zilikuwa zimerundikana hadi usawa wa kidevu.

"Ukiyatoa maneno hayo unabaki na nini? Majedwali. Utakaa mwaka mwingine hapa. Nenda kambembeleze."

Basi mchana akaenda kwa fundi, maneno ya kubembeleza akiyarudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Chumba cha mbele kilijaa vipande vya vitambaa. Fundi alikuwa kwenye cherehani, na karibu na dirisha alikaa Mwalimu, gazeti mapajani, mdomo umepinda upande mmoja.

"Mwandishi huyo," alisema Mwalimu, akilivuta kila neno. "Mimi nimo... ukurasa wa ngapi?"

"Umo kwingi, Mwalimu."

"Usinipambe. Andika nilivyokuwa. Nilikuwa mzigo."

Cherehani ilinyamaza.

"Nani kakwambia wewe mzigo?" fundi aliuliza, macho kwenye kitambaa.

"Hakuna. Ndiyo maana nataka... nisome."

Akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu ikibaki ilivyo. Binti Pole naye akacheka, kwa adabu tu.

Fundi alimsindikiza hadi barabarani. Uzi mweupe ulikuwa umemng'ang'ania kwenye mkono wa gauni, na Binti Pole akaukazia macho uzi huo, maana usoni pa yule mama hakuweza kutazama.

"Umeyatoa?"

"Nimeyatoa, Mama."

Hakuwa ameyatoa. Alimwona fundi akishusha mabega kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Usinichukie, mwanangu. Sijui hata kwa nini nilisema. Ulikuwa unanyamaza vizuri sana."

Alirudi chuoni kwa miguu, akafungua kompyuta ili uongo wake uwe kweli. Alidhani atakata aya moja. Lakini kila ukurasa ulikuwa umeegemea maneno yale. Alipotoa hapa, pale pakaning'inia.

"Si ulikwenda kubembeleza?" Mzee wa Mchwa aliuliza.

"Nilikwenda."

"Ukabembelezwa wewe."

Mzee wa Mchwa alivuta kiti chake akakaa kando yake, akawa anamtajia kurasa ambazo bado zina maneno ya fundi, naye akizifuta, bila utani wowote tena.

Alimwandikia Profesa kwamba amemtoa fundi kwenye sura ya nne. Jibu lilikuja fupi: "Nimeona. Pole. Njoo Jumatatu na mpango mpya."

Kilichobaki cha sura hiyo kilikuwa ukurasa mmoja na kipande: jinsi ya kumgeuza mgonjwa, jinsi ya kumlisha. Alikisoma polepole, kama atakavyokisoma Mwalimu. Hakikuwa na la kumuumiza mtu. Hakikuwa na lolote. Kisha akarudi kwenye jalada la tasnifu, akafuta mwaka, akaandika unaofuata.