Wakina Mama na Masaa Mengi

Kichwani mwa Bi Nukta maneno yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri kama sahani kabatini. Kilichoharibika ni mlango wa kutokea. Akitaka kusema "chai," mlango unatoa "kabichi." Akitaka kumwita mwanawe, mlango unatoa "kabati." Tangu siku ile mshipa ulipopasuka upande wa kushoto wa ubongo wake na damu ikavujia pale penye usemi, alikuwa akijisikiliza kwa mshangao, kama mtu anayemsikia mlevi akiimba dirishani kwake na hawezi kumfukuza.

Mwanawe, fundi umeme wa magari, alikuwa amezoea upesi.

"Kabati nipo, mama," alikuwa akiitika, na kuja mbio.

Jina la Bi Nukta alilipata kwenye kiwanda cha uchapaji, alikokuwa msahihishaji wa prufu mpaka alipostaafu. Hakuna ukurasa uliokwenda mtamboni bila kupita chini ya kalamu yake nyekundu. Waandishi wenye majina yao, watu wa kupigiwa makofi ukumbini, walikuwa wakimwona anakuja na karatasi zao wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli chooni. Hakuwa na maneno mengi hata wakati ule. Alikuwa akiweka kidole kwenye mstari na kusema "siyo," na mtu mzima anarudi nyumbani kuandika sura upya.

Sasa ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya karibu kila kitu, ukamwachia "siyo" nzima nzima, haina hata mkwaruzo. Ulimwachia pia "pumbavu." Daktari wa wodi alieleza kwamba maneno ya mazoea na matusi hukaa mbali na maneno mengine, ndiyo maana huwa yananusurika.

"Hamwezi kuyahamisha?" mwanawe aliuliza.

Hospitali ile haikuwa na mtu wa kufundisha watu kusema upya. Mtaalamu wa matamshi aliyekuwepo alikuja na utafiti, na angewafundisha walioingia kwenye utafiti tu. Nusu wangefundishwa asubuhi, nusu wangefundishwa asubuhi na jioni, ili ijulikane kama kufundishwa zaidi kunaleta tofauti. Kwa hiyo ukiingia, kwa vyovyote unafundishwa. Usipoingia, unarudi nyumbani na kabichi yako.

Na kabichi nyumbani zilikuwa zimejaa. Sokoni Bi Nukta alikuwa akiinyooshea nyanya kidole cha mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa unaning'inia tu ubavuni, anasema "kabichi," na muuza mboga anamgeukia mwanawe: "Mama anataka kabichi ngapi?" Yeye yupo pale pale, amesimama kama gunia! Hilo ndilo lililomkera kuliko mkono, kuliko mguu, kuliko dawa chungu za presha. Watu walikuwa wameanza kumwulizia kwa mtu mwingine. Alitaka kuingia kwenye utafiti ule kama mtu wa kiu anavyotaka maji.

Asubuhi ya kupimwa walikaa kwenye benchi la ukumbini na mzee mmoja ambaye kiharusi kilimwachia neno moja, "sawasawa." Alikuwa kwenye utafiti mwingine, wa kutembea, na manesi walimpenda sana. Alikubali sindano, alikubali uji wa baridi, na juzi alikubali kuhamishwa kitanda ili mgonjwa mwingine awe karibu na feni.

"Umelalaje, mzee wangu?" mwanawe Bi Nukta alimsalimu.

"Sawasawa," alijibu, akiwa na uso wa mtu ambaye hakufumba jicho.

Mlango wa chumba cha utafiti ukafunguka, daktari mmoja wa utafiti ule akawaita. Alikuwa kijana mwenye sauti laini na viatu vinavyolia kila anapokanyaga. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na joto lilikuwa kali, mlango ukaachwa wazi. Aliwasha kinasa sauti, akakaa.

"Mama, nitasema sentensi moja, nawe utairudia kama nilivyoisema. Hicho ndicho kipimo cha kuingilia. Nafasi ni tatu. Tumeelewana?"

"Kabichi," alisema Bi Nukta.

"Anasema ndiyo," mwanawe akatafsiri.

Kijana akainua kadi, akasoma polepole, kila neno na nafasi yake:

"Wakina mama wamesubiri masaa mengi mlangoni."

Ndani ya Bi Nukta kitu kikasimama wima. Wakina! "Akina" yenyewe ni wingi tayari; sasa hiyo "wa" ya nini, kama mtu aliyevaa suruali mbili? Na masaa! Saa moja, saa mbili, saa mia, zimeishi miaka yote bila kuazima "ma" ya mtu. Mashimo mawili kwenye sentensi moja, na sentensi yenyewe haifiki hata ukingo wa ukurasa. Kiwandani aliwahi kusimamisha mtambo, meneja akiruka ruka pembeni, kwa sababu ya "wakina" mmoja aliyepenya.

"Siyo," alisema.

Kijana akatia alama kwenye karatasi. "Hamna shida, mama. Ya pili. Wakina mama wamesubiri masaa mengi mlangoni."

Bi Nukta akavuta pumzi. Shingo ikamtoka mishipa. "A... a... akina."

"Mama!" Mwanawe aliinama sikioni kwake. "Si hivyo. Sema kama yeye. Wakina."

"Siyo."

"Najua siyo! Wewe sema tu, mama yangu, tupate mwalimu, halafu nyumbani utatunyoosha wote."

Hapo alisema la maana, na Bi Nukta alilisikia. Akajisemea moyoni: we mwanamke, kiburi chako kitakuzika na kabichi. Ni neno tu. Liteme, uende zako. Akapiga moyo konde. Kijana alipoisoma kwa mara ya tatu, alikunja midomo kutafuta "wa," akafumba macho kama mtu anayemeza kwinini, akasukuma.

"Kabichi."

Nani aliyeufunga mlango safari hii, damu au sarufi? Hata yeye asingeweza kuapa.

Kijana alikuna kichwa kwa kalamu. "Hapa pana sehemu ya kuandika 'ameweza' na sehemu ya kuandika 'hakuweza.' Hapana pa kuandika 'amesahihisha.'" Akatazama mlango, akatazama karatasi. "Ngoja nimwite Profesa."

Profesa aliyeongoza utafiti alikuwa mwanamke wa rika moja na Bi Nukta, miwani ikining'inia kifuani, kikombe cha chai mkononi. Alisikiliza habari yote bila kukaa.

"Anaikataa sentensi?"

"Anaona ina makosa, Profesa. Nafikiri."

"Sentensi hiyo niliitafsiri mimi."

Viatu vya kijana vikalia, ingawa hakuwa ameondoka alipo.

Profesa akaweka kikombe mezani, akavaa miwani, akamgeukia Bi Nukta. Na hili lazima asifiwe nalo: alimgeukia yeye, si mwanawe. "Bibi, makosa yako wapi? Wakina mama, kila mtu anasema. Masaa, kila mtu anasema. Mimi mwenyewe nimesubiri masaa benki jana."

"Siyo," alisema Bi Nukta.

"Tena hata ingekuwa na makosa, siwezi kuibadilisha. Wagonjwa wote waliokutangulia walipimwa kwa hiyo hiyo. Nikikunyooshea wewe, nitakuwa nimewapima wale kwa rula moja na wewe kwa rula nyingine. Huo utakuwa si utafiti, utakuwa upendeleo."

Bi Nukta aliiona hoja hiyo kuwa na akili, na hilo likamuudhi zaidi. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kamili, la aya mbili, lenye mfano na hitimisho: kwamba rula iliyopinda hainyooki kwa kuwapimia watu wengi. Akalisukuma kwa nguvu zake zote kuelekea mlangoni.

"Pumbavu," alisema.

Lilitoka safi, silabi zote, kama limepigwa pasi.

Mwanawe alijifunika uso kwa viganja. Kijana akazima kinasa sauti, kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Huko ukumbini, kwenye benchi, sauti ikaitikia kwa upole:

"Sawasawa."

"Siyo sawasawa!" Bi Nukta akamgeukia.

Hakuna aliyetambua kwamba ameunganisha maneno mawili. Wote walikuwa wakimtazama Profesa, ambaye shingo yake ilikuwa imerefuka.

"Mimi," Profesa alisema, "nimetukanwa na wagonjwa wengi, na sijali. Ubongo ukiumia, tusi hutoka lenyewe. Lakini hili halikutoka lenyewe. Hili nimeliona linakuja. Limepiga hodi kabisa."

"Ni ugonjwa, Profesa," mwanawe alilia. "Mimi ananiita kabati!"

"Kabati ni ugonjwa. Pumbavu ilikuwa maoni." Akakunja mikono. "Kipimo kimeshindikana, na kwa hilo namsikitikia. Imebaki njia moja kwenye mwongozo, ambayo haijawahi kumsaidia mtu: mgonjwa atunge mwenyewe sentensi kamili. Asiyeweza kurudia atatunga nini? Kwa hiyo tufunge kwa adabu tu. Bibi, aliyekusikia ukinitukana na akusikie ukiniomba radhi. Nitakusaidia. Sema nami: Ninakuomba msamaha, Profesa, mbele ya watu wote hawa."

Bi Nukta aliipima sentensi ile. Haikuwa na kosa. Igeuze upande wowote, ilikuwa imesimama vizuri: kiambishi mahali pake, shamirisho mahali pake, mikato miwili inayosikika. Kumbe mwanamke huyu akikasirika anaongea Kiswahili kizuri. Mwanawe alikuwa amemshika bega. "Mama, tafadhali. Samahani moja tu. Pengine atakuonea huruma, akuingize." Bi Nukta akaona nyanya ambazo hakuzipata. Akaona muuza mboga akiongea juu ya kichwa chake. Huruma! Aingizwe kwa huruma, kama mtoto anayepitishwa chini ya kamba!

Akafungua mdomo.

"Si..."

"Ninakuomba," Profesa alimsaidia.

"Si... ku... ombi." Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. "Sikuombi msamaha. Profesa. Mbele ya... watu. Wote. Hawa."

Fundi umeme alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Miezi kadhaa hakuwa amemsikia mama yake akifika mwisho wa sentensi.

Kijana alikuwa amesimama, viatu vyake kimya kwa mara ya kwanza. "Profesa. Kabadilisha kichwa na mkia. 'Ninakuomba,' yeye kasema 'sikuombi.' Kang'oa 'nina,' kaweka 'si,' na 'a' ya mwisho kaigeuza 'i.' Hiyo si kurudia. Hukumpa hiyo."

Profesa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Ungeona kabisa watu wawili wakigombana usoni mwake, mwanamke aliyetukanwa na mtafiti, na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake.

"Sikumpa," alisema mwishowe, kama mtu anayelipa faini. "Mimi nimempa radhi, yeye katunga kiburi. Ni sentensi yake, ni kamili." Akakaa kwa mara ya kwanza, mzima mzima, kiti kikalalamika. "Masaa bado nitayasema. Kinasa sauti kiliipata?"

Kijana akameza mate. "Nilikizima, Profesa. Pale kwenye... maoni."

"Basi haihesabiki. Washa." Alikisogeza kile chombo kwa mkono wake mwenyewe mpaka kikagusa kidole cha Bi Nukta. "Bibi. Chochote sasa, mradi ni sentensi yako na ni kamili."

"Mama," mwanawe alinong'ona haraka haraka, "umesikia? Chochote! Si lazima ile. Sema 'Nakushukuru, Profesa, kwa wema wako.' Yataisha vizuri, mama, tutoke hapa na heshima zetu."

Bi Nukta alimtazama mwanawe kwa upendo mwingi. Kisha akamtazama Profesa, ambaye alikuwa ameinama mbele, masikio wazi, akingoja kama mwanafunzi siku ya matokeo. Akakisogelea kinasa sauti. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Alikwenda polepole, neno kwa neno, akikanyaga kila moja mpaka lishike.

"Sikuombi... msamaha, Profesa," alisema, "mbele ya watu wote hawa. Wala... nyuma yao."